Starlet na Corolla 110: Spea gani zinaingiliana, zipi zitakula doh yako bure?

Binamu yangu huuza mayai. Kila alfajiri huyachukua Kiambu na kuyasambaza madukani Kasarani na Roysambu kwa Starlet aliyoachiwa na mamake, EP82 nyeupe iliyomzidi yeye mwenyewe umri. Asubuhi moja ndinga ilichemka kwenye foleni ya Thika Road. Kwa vile wateja walikuwa wanangoja, akaendelea kuikanyaga hivyo hivyo. Alipofika, oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Hedi imepinda, maji yameingia ndani, na fundi akamwambia wazi kuwa ni heri atafute injini nyingine.

Wazo la kununua Corolla 110 iliyogongwa lilitoka kwa fundi huyo. Starlet EP82 hutumia injini ya 4E-FE, ya sisi 1,331, na Toyota iliitia injini hiyo pia kwenye baadhi ya Corolla 100 na 110. Shika hilo neno "baadhi", maana karibu litutie hasara.

Gari la kwanza tuliloonyeshwa lilikuwa safi kwa macho. "Buda, 110 ni 110 tu," jamaa akatuambia. Tukafungua boneti na kusoma kibao cha chuma kilichobandikwa kwenye ukuta wa nyuma ya injini: AE110. Herufi ya kwanza ya namba hiyo hutaja familia ya injini. A hapo ilimaanisha 5A-FE, ya lita 1.5, ambayo hata mauntingi zake si za Starlet. Tuliyohitaji ni EE111, na tuliipata siku ya tatu, imegongwa nyuma vibaya lakini mbele haijaguswa. Fundi alipima kompresheni ya silinda zote nne kabla hatujataja bei. Usikubali kununua injini kwa kuisikiza tu ikinguruma, hasa ikiwa muuzaji ameiwasha na kuipasha moto kabla hujafika.

Shida ikaja kwenye karatasi. Muuzaji hakuwa na logbuku, alisema ingali na mwenye gari wa awali, "atatuma tu." Binamu alitaka kulipa pale pale kwa sababu kila siku bila gari ilikuwa siku ya hasara. Nilikataa, na tukakosana kidogo. Namba ya injini huchapwa kwenye injini yenyewe na pia huandikwa kwenye logbuku. Ukiibadilisha, sharti NTSA ijulishwe, la sivyo siku ya kuuza gari au ya ukaguzi utajikuta ukieleza injini ya mwenyewe asiyejulikana. Na ikiwa iliibwa? Wewe ndiye uliyekamatwa nayo. Tulingoja siku sita. Binamu akabeba mayai kwa boda, akapoteza trei mbili kwenye matuta, na hakunisemesha hadi tulipopata nakala ya logbuku na stakabadhi yenye namba zote.

Kazi yenyewe ilichukua wikendi mbili. Injini ilikaa, lakini haikuingia jinsi ilivyotoka. Nyaya na kompyuta ya injini ya EE111 ni za toleo la baadaye, kwa hivyo fundi aliacha vyote vya Starlet mahali pake, akafunga pia manifoldi na sensa za Starlet kwenye injini mpya. Akabadilisha na mkanda wa taimingi wakati injini ingali nje, maana hapo ndipo mkono unapofika bila kuhangaika. Rimu za Corolla pia ziliingia vizuri: gari zote mbili zina nati nne kwenye duara la milimita 100, na tundu la katikati la milimita 54.1.

Shafti za magurudumu ndizo zilizotuchekesha. Ukizilaza chini utadhani zimetoka kwenye gari moja. Lakini Corolla ni pana kuliko Starlet, na shafti zake hazikutoshea. Breki nazo tuliziacha kabisa. Kuna mafundi ambao watakufungia kalipa ya gari jingine upande mmoja kwa sababu "imeshika", na mimi naona huo ni ujinga wa hatari. Ukibadilisha breki, badilisha pande zote mbili, na kwa vifaa vya gari hilo.

Kilichotuokoa mara nyingi ni namba za Toyota zenyewe. Spea nyingi zake huwa na tarakimu tano, kistari, kisha tano nyingine. Tano za kwanza hutaja aina ya kifaa: 48510 ni shoki ya mbele kulia, 48520 ya mbele kushoto, 04465 ni brekipedi za mbele. Zile za pili ndizo hueleza ni ya gari gani. Kwa hivyo dukani usiseme "nipe shoki za Starlet". Nenda na namba, au beba ile kuukuu mkononi, ulinganishe kabla ya kulipa. Muuzaji akikunja uso, maduka ni mengi Kirinyaga Road.

Mayai sasa yanafika kabla ya saa moja, na ombi la kubadilisha namba ya injini limeshapelekwa NTSA. Mkebe wa Corolla ungali nyuma ya nyumba ya shangazi, ambaye ameshaanza kuulalamikia. Taa, kioo cha mbele na viti vimeuzwa. Milango imebaki, na juzi kijana mmoja alipiga simu akiitaka. Kabla hajamaliza salamu, binamu alimkatiza: "Kwanza nisomee kibao. Yako ni 110 au 100?"