Mpagazi wa Vita Aliyetaka Chapa Yake Mwenyewe

Wazee wetu walinena kwamba nguo ya kuazima haisitiri, na mwisho wa methali hiyo wasomaji wa pwani mnaujua; sina haja ya kuutia gazetini. Nimeikumbuka kwa kusoma habari za maisha ya Richard Henry Boyd, Mmarekani mweusi, mchungaji wa Kibaptisti na mfanyi biashara mkubwa wa mji wa Nashville, aliyefariki mwaka 1922. Dini yake siyo yetu, na nchi yake iko mbali. Lakini yaliyomkuta, msomaji mpenzi, hayana ugeni kwetu.

Alizaliwa utumwani tarehe 15 Machi, 1843, katika jimbo la Mississippi. Wakati huo hakuwa Boyd. Aliitwa Dick Gray, na hilo Gray ni jina la bwana aliyemmiliki. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka Marekani mwaka 1861, bwana huyo alikwenda kupigania upande wa Kusini, upande uliotaka utumwa udumu, na mtumwa wake akachukuliwa pamoja naye. Hakwenda kama askari, alikwenda kutumika.

Watu wa namna hiyo sisi tunawajua. Vita vya 1914 hadi 1918 viliwazoa maelfu kwa maelfu ya Waafrika wenzetu wakabebe mizigo ya jeshi la Waingereza. Ndio walioacha jina lao Kariakor, Nairobi, na Kariakoo, Dar es Salaam. Walikwenda vitani, wakafia vitani, na wengi hata majina yao hayakuandikwa.

Huko karibu na Chattanooga bwana wa Boyd aliuawa pamoja na wanawe wawili. Alibaki mwana mmoja, majeruhi, na yule mtumwa ndiye aliyemrudisha kwao Texas. Watakuwako watakaouliza, mbona hakumwacha akakimbilia uhuru? Mimi simhukumu. Alalaye na mgonjwa ndiye ajuaye mihemo yake.

Utumwa ulipokwisha mwaka 1865, alikuwa kijana wa miaka 22 asiyejua kusoma. Akachunga ng'ombe, akafanya kazi ya kupasua mbao, na huku akianza alifu kwa kijiti akiwa mtu mzima. Mwaka 1867 alilivua jina la bwana wake akajiita Richard Henry Boyd. Tulizingatie jambo hilo, kwani ndicho kitu cha kwanza alichomiliki: jina. Baadaye akawekwa kuwa mchungaji, na kuanzia mwaka 1870 akawa miongoni mwa waliokusanya makanisa ya watu weusi wa Texas yakawa na umoja wao.

Ugomvi uliomfanya ajulikane ulikuwa ni wa vitabu. Watoto wa makanisa hayo walisomeshwa kila Jumapili kwa vitabu vilivyoandikwa na kuchapishwa na wazungu. Jumuiya ya uchapaji ya Wabaptisti wa Kaskazini iliwaalika wachungaji weusi nao waandike. Wazungu wa Kusini wakapiga makelele, na mwaliko ukatanguliwa. Boyd akasema, basi natuwe na chapa yetu. Mwaka 1896 alihamia Nashville akaanzisha bodi ya uchapaji, na mwaka uliofuata vitabu vya kwanza vikatoka. Hakuanza na mashini zake. Alianza kwa kuchapishiwa na wengine, tena wazungu wa Kusini wakiwa miongoni mwao. Lakini haikuchukua miaka mingi ila mitambo ilikuwa yake, na mafundi walioiendesha ni watu weusi.

Kutoka hapo hakutulia. Mwezi Januari 1904 yeye na wenziwe walifungua benki wakaiita Benki ya Akiba ya Senti Moja, ili hata dobi na mpishi asione haya kuingia mlangoni. Mwaka 1905 sheria ya Tennessee ikaamuru watu weusi watengwe katika tramu za mji. Watu wakagoma wakatembea kwa miguu. Boyd na wenziwe, akiwamo mchungaji Preston Taylor, wakaunda kampuni ya usafiri ya watu weusi. Magari waliyonunua kwanza yalikuwa ya mvuke, nayo yakashindwa na vilima vya Nashville. Wakaleta ya umeme. Serikali ya mji ikayatoza kodi. Mwaka 1906 kampuni ikafa. Hata hivyo mgomo uliacha mtoto: gazeti la Nashville Globe, la Boyd na mwanawe Henry Allen, lililoishi hadi mwaka 1960.

Na liko moja dogo ambalo mimi naliona kubwa. Aliona kwamba binti wa mtu mweusi akitaka mwanasesere wa kuchezea, madukani hapati ila mzungu, au kinyago cha kumcheka mtu mweusi. Boyd akaanzisha kampuni ya kuuza wanasesere weusi wenye sura za watu, akiwaagiza kutoka Ujerumani. Biashara hiyo haikudumu. Lakini wako watoto waliolala wakimkumbatia mtu aliyefanana na mama yao.

Sasa nifike penye mwiba, maana kumsifu mtu upande mmoja ni kumdhulumu. Mwaka 1915 Wabaptisti weusi waligawanyika makundi mawili kwa sababu ya ile chapa. Viongozi wa umoja wao walisema: bodi ni yetu, ilianzishwa kwa jina letu, na wanunuzi wa vitabu ni makanisa yetu, tupewe hesabu. Boyd akajibu kwamba bodi ilisajiliwa kisheria mwaka 1898, inajitegemea, na jasho lililoijenga ni lake. Sheria ikampa yeye. Umoja ukavunjika, na tangu hapo kuna jumuiya mbili badala ya moja.

Nani kati yetu hajaona mfano wa hayo? Chuo huanza ukumbini kwa mtu mmoja mwenye moyo, jamaa wakachanga mabati na mikeka, mwalimu akafa, kisha wanawe na wanakamati wakakutana kwa kadhi. Ni wakfu au ni urithi? Kila upande una haki yake, na hakuna karatasi. Si bure aya iliyo ndefu kuliko zote katika Msahafu ikawa ni ile ya kuandikiana.

Boyd alifariki tarehe 23 Agosti, 1922, na mwanawe akaishika chapa na benki. Miaka miwili kabla benki ilikuwa imebadilishwa jina, ikaitwa ya Wananchi; ikayapita mabaya ya miaka ya 1930, wakati benki nyingi za Marekani zilipofunga milango.

Mtu aliyebebeshwa mizigo ya wengine alitaka wajukuu wake wabebe vitabu vyao wenyewe, na alilipata. Lakini swali la nani ni mwenyewe, yeye peke yake au jamaa waliochanga, halikuulizwa siku ya kwanza. Wenye vyuo na wenye vyama vya pwani, ulizeni leo, mngali mnapendana.