Kibaki: Kutoka Tosha Hadi Chungwa

Watu walipanda miti kumwona Mwai Kibaki akiapishwa kuwa rais wa Kenya Uhuru Park, Nairobi, tarehe 30 Desemba 2002. Aliapa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, mguu umefungwa plasta, maana alikuwa amepata ajali ya gari kampeni zikiwa zimepamba moto. Daniel arap Moi, aliyetawala miaka 24, alizomewa na kurushiwa matope.

Kibaki alikuwa amezoa asilimia 62 ya kura, tena katika mikoa mingi. Januari, elimu ya msingi ikawa bila malipo na madarasa yakafurika. Katika matatu, abiria walianza kuwakemea askari wa trafiki waliozoea kitu kidogo. Yaani mwananchi alijiona naye ni serikali.

Imani hiyo ilianza kuvuja mapema. Oktoba 2002 mwanasiasa Raila Odinga alikuwa amemuunga mkono kwa kutamka "Kibaki tosha", na nyuma ya maneno hayo kulikuwa na mkataba wa maelewano kati ya kambi zao: vyeo vigawanywe nusu kwa nusu, na kuwe na waziri mkuu. Walipoingia Ikulu, mkataba ukawekwa kando. Mpiga kura wa Kisumu au Mombasa pengine hakuwahi kuuona, lakini maana yake aliipata vizuri sana: kuchanga tulichanga wote, kula wanakula wao. Kisha likaja sakata la ufisadi la Anglo Leasing, na mwaka 2005 John Githongo, aliyeteuliwa kupambana na ufisadi, akajiuzulu akiwa London.

Novemba mwaka huo ikapigwa kura ya maoni kuhusu rasimu ya katiba. Ndizi ilikuwa ndiyo, chungwa hapana, na chungwa likashinda kwa takriban asilimia 58. Kibaki akavunja baraza la mawaziri, na alipoliunda upya waliompinga walibaki nje. Kwa maoni yangu, hapo ndipo alipoharibu. Watu walikuwa wamemnong'oneza. Akawalazimisha wapige kelele.

Uchumi haukumwokoa, ingawa ulikuwa umetoka ukuaji wa chini ya asilimia 1 mwaka 2002 hadi karibu asilimia 7 mwaka 2007. Tarehe 30 Desemba 2007, miaka mitano kamili baadaye, aliapishwa Ikulu magharibi ikiingia, muda mfupi tu baada ya matokeo yaliyobishaniwa ya uchaguzi dhidi ya Raila kutangazwa, mbele ya wageni wachache. Ghasia zilizofuata ziliua zaidi ya watu 1,000.

Februari 2008, chini ya usuluhishi wa Kofi Annan, Kibaki alikubali kugawana serikali na Raila akapata uwaziri mkuu, kile kile kiti cha kwenye mkataba wa 2002. Agosti 2010 wawili hao walisimama jukwaa moja kuombea katiba mpya kura ya ndiyo. Wakapata asilimia 67, kiwango ambacho Kibaki hakukifikia hata mwaka ule wa tosha.