RAM iliondoka, kukatwa kulibaki

Ninyi wa Kolwezi na Likasi mungali munakumbuka RAM. Ilianza mwezi wa tisa 2020: unaweka inite, mbele haujaita hata nyumbani, zimekwisha kukatwa. Telefone ya 2G dola 1 kwa mwaka, ya 3G na 4G dola 7. Na cobalt ya ndani ya betri yake ilitoka wapi? Chini ya miguu yetu! Watu walilalamika, wabunge nao wakapiga kelele, 2022 ikafutwa.

Lakini kuko kukatwa kwingine, na hiyo hakuna anayeipigia kelele. Juzi siku ya mushahara tulisimama kwenye kibanda cha wakala. Baba moja, muchimbaji, anatoa feza kwenye rezo yake, analipa ya kutoa, kisha anaziweka kwenye rezo ingine, palepale, kwa kibanda kilekile. Juu ya nini? Bibi yake iko kijijini, na kule ile rezo ya kwanza haishike. Makampuni yanagombania wateja kwa promo na mega za usiku.

Jioni, mama naye alilipa ya kutoa. Posho ni ileile moja.