Kifafa na nguvu za kiume: mambo panya wanatufundisha

Kwenye shimo la dhahabu wanaume wanaongea yote: bei ya gramu, mpira, wanawake. Lakini kuna neno moja mtu analificha hata kwa ndugu yake wa tumbo moja: ana kifafa, na nguvu zake za kiume zimepungua. Sisi wa syndicat tunalifuatilia juu ya sababu hii: mtu anaona vidonge vya fenobarbitali ndivyo vinamharibia kitandani, anaviacha kimya, kisha anashuka shimoni. Kuacha dawa hiyo ghafula kunaweza kuleta degedege moja nyuma ya ingine. Na kuanguka ndani ya shimo si sawa na kuanguka kiwanjani.

Basi tuulize vizuri: ni dawa, ni ugonjwa, ao ni haya tu?

Kwanza tujue uume unasimama namna gani. Hauna mfupa. Ubongo unatuma habari kupitia uti wa mgongo, mishipa ya fahamu inaachilia hewa inayoitwa nitriki oksidi, nyama laini ya ndani inalegea, damu inajaa. Ndiyo, inalegea, hata kama sisi wote tulifikiri ni kukaza! Kuna mishipa ingine ya fahamu, ile ya woga na ya kukimbia, inayoachilia noradrenalini: nyama inajikaza, damu inarudi. Furchgott, Ignarro na Murad, Wamarekani watatu, walipata zawadi ya Nobel mwaka 1998 juu ya kazi ya hewa hiyo mwilini.

Sasa kifafa. Kwa mtu ni vigumu kutenganisha mambo, kwa sababu anabeba ugonjwa, dawa na huzuni pamoja. Ndiyo maana wataalamu wanatumia panya. Tangu miaka ya 1980 wanawapa pilokapini, dawa inayotoka kwa mmea wa Brazil, mpaka wanapata kifafa cha kudumu. Huko Ribeirão Preto, Brazil, wanafuga ukoo wa panya wanaoshikwa na degedege wakisikia kelele kali. Panya hana haya. Hakuna aliyemwambia amelogwa, wala aliyekataa kumgusa juu ya povu. Kama hajameza fenobarbitali na bado mambo yake ya uzazi yanavurugika, sababu ni kifafa chenyewe.

Na njia ziko. Kifafa kingi cha watu wazima kinaanzia pembeni ya ubongo, sehemu inayoongea na hipothalamasi, mkubwa anayeamuru tezi ya chini ya ubongo, nayo inaamuru mapumbu. Degedege kubwa inapandisha prolaktini katika damu, homoni ambayo ikizidi inapunguza hamu. Inaamsha pia ile mishipa ya woga.

Lakini dawa nayo haiko safi. Fenobarbitali inasukuma ini litengeneze kwa wingi protini inayoshika testosteroni. Homoni iko katika damu, lakini imefungwa, haifanyi kazi. Kwa hiyo mgonjwa hasemi uongo. Dawa zingine, kama lamotrijini, hazisukumi ini namna hiyo. Muulize muganga kama inafaa kubadilisha, polepole, chini ya macho yake.

Jambo hili liliwahi kuonekana karibu nasi. Mwaka 1950, Raper na Ladkin waliandika juu ya ugonjwa wa Nakalanga, Uganda: watoto wafupi, wengi wenye kifafa, wanaofika umri wa ujana bila mwili kukomaa. Walikaa penye inzi weusi wa mito ya mbio, wale wanaoleta upofu wa mtoni. Huko Ituri pia watafiti wamekuta kifafa kingi penye inzi hao. Kwa hiyo wakati wagawaji wa Mectizan wanapita kijijini, baba usijifiche porini. Na watoto wameze.

Vile vidonge vya "nguvu" vya sokoni navyo, angalia. Karatasi ya sildenafili yenyewe inataja degedege kati ya mambo yaliyoripotiwa. Mwenye kifafa asinunue bila muganga.

Kwa wakubwa wa kazi tunaomba neno moja: mwenye kifafa apewe kazi ya juu, mbali na shimo na maji, asifukuzwe. Akijua atafukuzwa, atanyamaza. Na mama, bwana akienda kituo cha afya, muende wote wawili. Mara nyingi yeye hatasema, wewe utasema.