Je, Wajua? Magari Yanayoonyana Kuhusu Foleni

Je, wajua kwamba foleni huweza kuzuka bila ajali wala matengenezo ya barabara? Mwaka 2008 watafiti wa Japani, akiwemo Yuki Sugiyama, walichapisha jaribio la magari 22 yaliyozunguka duara la mita 230. Madereva waliombwa waende kilomita 30 kwa saa. Baada ya muda, mmoja akalegeza mwendo kidogo, wa nyuma yake akakanyaga breki zaidi, na mwishowe magari mengine yakasimama kabisa.

Je, wajua kwamba foleni ya aina hiyo hurudi nyuma? Wa mbele wanapoondoka, wengine wanasimama nyuma. Kwa hiyo mkia wake humjia dereva kwa mwendo wa kilomita 15 hadi 20 hivi kwa saa.

Je, wajua kwamba nyaya zinazofukiwa chini ya lami kuhesabu magari huona tu yanayopita juu yake? Foleni ikianzia kati ya vituo viwili vya nyaya hizo, huchelewa kujulikana.

Je, wajua kwamba gari lenye redio ya mawasiliano hutangaza mahali lilipo, mwendo wake na uelekeo wake, hadi mara 10 kila sekunde? Likiona majirani kadhaa wamepunguza mwendo mahali pamoja, hutambua kuwa kuna foleni na kuwaonya walio nyuma.

Je, wajua kwamba Golf ya kizazi cha nane ya Volkswagen, iliyozinduliwa mwaka 2019, ina redio hiyo? Hufika hadi mita 800. Kwa anayekwenda kilomita 120 kwa saa, hizo ni sekunde 24 za kujiandaa. Na magari ya katikati yakipokezana ujumbe, onyo hufika mbali zaidi.

Je, wajua kwamba mwaka 2020 msanii Simon Weckert alionyesha jinsi alivyovuta mkokoteni wenye simu 99 mjini Berlin, na Google Maps ikaonyesha foleni kwenye barabara iliyokuwa karibu tupu? Ili kupunguza udanganyifu, ujumbe wa magari hutiwa saini ya kidijitali. Vitambulisho vyake hubadilishwa mara kwa mara ili dereva asifuatiliwe.

Magari mengi bado hayana redio hii. Basi ukifika kwenye mkia wa foleni, washa taa za dharura mapema na uache nafasi mbele yako. Anayekuja nyuma anakutegemea wewe.