Meza ya kucheka: Paris tangu 1977, na kaseti zetu ziko wapi?

Jumamosi ya juzi tulikuwa tumeketi chini ya muembe, kwa jirani yetu, tukingoja bukari. Kijana wake alikuwa ametoka posti ya usiku, macho mekundu, lakini kulala hakutaka. Alikuwa na simu mukononi, na ndani ya simu watu walikuwa wanacheka mupaka wanakosa pumzi. Muzee akauliza: «Weye, hao bantu banacheka nini hivi?» Kijana akajibu: «Papa, ni Grosses Têtes. Banatosha ulizo, hakuna mwenye kujibu muzuri, njo banacheka.» Muzee akanyamaza kidogo, kiisha akasema: «Sasa kama hakuna mwenye kujibu, kicheko kinatoka wapi?»

Ulizo lile la muzee lilitusumbua juma nzima.

Wale wasiojua, tuwaeleze. Les Grosses Têtes ni kipindi cha radio RTL, kule Ufaransa. Kilianza mwezi wa ine 1977, tarehe 1, siku ile Wafaransa wanadanganyana kwa mizaha. Mwenye kukiongoza alikuwa mwandishi wa habari Philippe Bouvard. Kazi yake inaonekana ndogo: meza moja, watu wachache, mikro, na karatasi za maulizo. Maulizo yanatoka kwa wasikilizaji. Mama fulani wa muji fulani anauliza: neno hili lilisemwa na nani? Chombo hiki kilikuwa cha kazi gani? Watu wa meza wanatafuta. Wakikosa, yule mama anashinda. Lakini hakuna anayesikiliza kwa ajili ya jibu. Watu wanasikiliza njia ya kupotea: mumoja anajibu upumbafu, mwenzake anaongeza, wa tatu anakumbuka habari ya bibi yake, na jibu la kweli linasahauliwa paka pale muongozaji anapogonga meza.

Na ni nani wanaoketi pale? Hapo njo siri yenyewe, kwa maoni yetu. Bouvard aliweka mahali pamoja Jean Dutourd, mwandishi wa Académie française, na Sim, muchekeshaji mwenye kujua kuvaa nguo za kike na kukunja uso. Aliweka Olivier de Kersauson, mutu wa mashua aliyezunguka dunia kwa bahari, mwenye maneno makali kama chumvi. Leo pia ni vile. Jeanfi Janssens alikuwa mutumishi ndani ya ndege, akigawa chakula kwa wasafiri, mbele ya kuwa muchekeshaji. Roselyne Bachelot alikuwa minista wa afya wa Ufaransa, kiisha akaja kuketi kwenye meza ile na kuchekwa kama wengine. Mwaka 2020 wakamuita tena serikalini, minista wa utamaduni. Fikiri kidogo. Minista na mugawa chakula, wote wawili wanaulizwa ulizo moja, wote wawili hawajui, na aliye chini anaweza kumucheka aliye juu mbele ya watu wote. Kesho yake hakuna anayefukuzwa kazi.

Kwetu sisi watu wa mugodi, jambo hili si dogo. Chini ya udongo jibu baya linaweza kuua. Mutu akiulizwa kama mbao zinashika vizuri, kama hewa iko, kama baruti zote zimepasuka, hawezi kujibu kwa mizaha. Na mbele ya mukubwa wa kazi, kusema «sijui» kunaweza kukugharimu. Hata creuseur, asiye na mukubwa wa kompani, iko anapima maneno yake mbele ya mununuzi wa mawe. Tunazoea kufunga kinywa tangu asubuhi. Jioni tunahitaji mahali ambapo kutokujua hakuna hasara. Tunadhani njo jibu la ulizo la muzee: kicheko kinatoka pale woga wa kukosea unapokwisha. Kijana wetu ametoka saa nane za kutokukosea. Mbele ya usingizi anataka kusikia watu wanaokosea bila kuumia.

Kuna habari nyingine ya kipindi hiki ambayo wasomaji wetu wataisikia ndani ya mifupa. Mwaka 2000 wakubwa wa radio walimutosha Bouvard. Alikuwa na miaka 70. Walisema moyoni, tunawaza, kwamba muzee amechoka, wakatie kijana: wakamuweka Christophe Dechavanne, mutu wa televisheni. Wasikilizaji wakapungua. Meza ilikuwa ileile, radio ileile, lakini watu walikuwa wamezoea sauti ya muzee wao. Mwaka 2001 wakamurudisha. Akakaa tena mupaka 2014, na hapo njo Laurent Ruquier akaingia, mutu ambaye kwa miaka mingi alikuwa ameongoza meza ya namna hiyo kwa wapinzani, Europe 1. Hesabu: tangu 1977 mupaka 2014, ukitoa ile miezi ya kumutosha, mutu mumoja kwenye kiti kimoja.

Muzee wetu aliposikia habari hii alicheka kidogo tu. Yeye alitoka kazi mwaka 2003, pamoja na maelfu ya wenzake, kwa kile walichoita «départ volontaire». Akasema: «Ule bamemurudisha? Siye hakuna mwenye kuturudisha.» Mama akamupa maji ya kunawa, bukari ikawa imefika.

Hatutaki kusifu kila kitu. Mizaha ya meza ile, zamani zaidi, ilikuwa inawapiga sana wanawake, na wanawake wa Ufaransa wamelalamika, wana haki. Ukisikiliza na watoto, uwe karibu. Na Kifaransa chao kinakimbia. Mutu wa Kolwezi aliyesoma vizuri anaweza kukosa nusu ya mizaha kwa sababu hajui ni nani yule muimbaji wa Ufaransa wanayemucheka. Kijana alikuwa akitafsiri, na mara tatu alicheka peke yake, tukabaki tunamuangalia.

Njo pale muzee alisema neno lililotufanya kuandika: «Siye tulikuwa na Mufwankolo.»

Vijana wanajua jina, lakini wengi wao hawajamusikia. Mufwankolo na kundi lake walicheza Lubumbashi, kwa radio na kisha kwa televisheni, ndani ya Kiswahili chetu hiki, kile cha kambi na cha soko, na Kifaransa kikiingia pale kinapotaka. Hawakuwa meza ya maulizo. Walikuwa wanacheza michezo, mambo ya nyumba na ya muji: mushahara, pombe, ndoa, wakubwa wenye kujivuna. Lakini kitu kimoja kinawaunganisha na wale wa Paris. Hawakusoma karatasi. Walipatana juu ya habari, huyu ataingia, yule atakataa, kiisha kila mumoja akatafuta maneno yake palepale. Ndiyo maana nyumba nzima ilitambua maneno ya baba mukwe, ya jirani, ya kapita.

Sasa sikilizeni mahali ambapo kazi ile imeandikwa. Mwaka 1981 Walter Schicho, pamoja na Mbayabo Ndala, walitoa kitabu juu ya Groupe Mufwankolo. Kilitokea Vienna, kule Austria. Mwaka 1986 mutaalamu Johannes Fabian aliwauliza wachezaji maana ya neno lile «le pouvoir se mange entier», ukubwa unakuliwa muzima, haugawanywi. Wao wakafanya muchezo muzima juu yake, na Fabian akatoa kitabu mwaka 1990, Marekani. Tunawashukuru hao wataalamu; bila wao tungekuwa na nini? Lakini tunaona haya kidogo. Mutu akitaka kusoma namna baba yake alivyocheka mu kambi, anatafuta kitabu cha Vienna.

RTL wanatunza vipindi vyao, njo maana kijana wa posti ya usiku anavipata ndani ya simu. Kwetu vilibaki ndani ya nyumba za watu. Kulikuwa na mutu aliyeweka kaseti mbele ya radio, akabonyeza, akaambia watoto wanyamaze.

Muzee aliingia chumbani, akarudi na kaseti mbili ndani ya mufuko wa unga. Juu ya moja iliandikwa «Mufw.» kwa biki. Ya pili, alisema, mutoto aliiba upande mumoja akaweka muziki juu yake, na alipigwa sana siku ile. Mutoto huyo njo kijana mwenye simu. Aliinamisha kichwa.

Hakuna aliyekuwa na mashini ya kaseti. Jumatatu tulizunguka kwa watengenezaji wa radio, tukapata moja, nzima, ila kamba yake ya kuzungusha imekatika. Mutengenezaji anasema inapatikana, tungoje siku tatu. Wenye kaseti za namna hiyo, msizitupe na msiziweke juani. Leteni majina yaliyoandikwa juu yake kwenye ofisi yetu, tuanze kuyaorodhesha.