Kulanti ya kuchanganya nyumbani: Kosa huanzia kisimani

GARI likichemsha katika barabara ya kutoka Mocímboa da Praia kwenda Palma, kaskazini mwa jimbo la Cabo Delgado nchini Msumbiji, dereva hufanya kile kile ambacho angefanya mwenzake wa Mtwara. Hutafuta kivuli, husubiri rejeta ipoe, kisha huomba ndoo ya maji nyumba ya jirani.

Ndoo hiyo humfikisha nyumbani. Tatizo ni kwamba akishafika huyaacha maji hayo humo humo, mwezi baada ya mwezi.

Pwani ile imekaa juu ya mawe ya matumbawe. Visima vifupi vilivyo karibu na bahari hutoa maji yenye chokaa, na mara nyingi yenye chumvi pia. Mama wa nyumbani anaijua chokaa hiyo: ni ule ukoko mweupe unaoganda ndani ya birika. Ndani ya injini ukoko huo hukaa kati ya chuma cha moto na maji, joto likakosa pa kutokea. Chumvi nayo hula aluminiamu, na rejeta nyingi za siku hizi ni za aluminiamu.

Wavuvi wenye mashine za boti wanalielewa jambo hili kuliko madereva. Mashine zile hupozwa kwa maji ya bahari yenyewe, ndiyo maana hufungwa kipande cha zinki ili chumvi ile zinki kwanza na kuiacha injini. Kipande kikiisha hufungwa kingine. Gari halina kinga hiyo. Kinga yake ni dawa iliyomo ndani ya kulanti.

Suala hili si la magari peke yake. Kituo cha umeme cha Awasse kilipoharibiwa katika mapigano ya mwaka 2020, wilaya za kaskazini zilikaa muda mrefu bila umeme wa gridi. Mwenye jenereta ndiye aliyekuwa na taa, barafu ya samaki na kompyuta. Jenereta ndogo za petroli hupozwa kwa upepo, hazihusiki hapa. Zile kubwa za dizeli zina rejeta kama ya lori, na zikichemsha usiku hakuna wa kuziona mpaka gasketi imeungua.

Je, mtu anaweza kujichanganyia kulanti nyumbani? Anaweza, na wala si uchawi. Kulanti nzito ya dukani ni kemikali iitwayo ethilini glaikoli, pamoja na dawa ya kuzuia kutu. Kawaida huchanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyotoneshwa. Mchanganyiko huo huchemka kwenye nyuzi 107 hivi, wakati maji matupu huchemka kwenye 100, na mfuniko mzima wa rejeta hupandisha kiwango hicho zaidi.

Nusu kwa nusu ni kipimo cha nchi za barafu. Palma hakuna barafu, hivyo mtu anaweza kupunguza glaikoli kidogo. Maji hubeba joto vizuri kuliko yenyewe. Lakini watengenezaji wengi huonya isishuke chini ya theluthi moja, kwa sababu dawa ya kutu nayo hupungua.

Kazi iko kwenye maji. Maji ya mvua ni bora kuliko ya kisima, ila yanayokingwa karibu na bahari huwa na chumvi ya upepo. Yanayodondoka kwenye kiyoyozi hayana chokaa, lakini hubeba vumbi na ukungu. Anayeweza kununua anunue yale yaliyotoneshwa, ambayo wauzaji wa vipuri huyaita maji ya betri. Asome chupa kwa makini, maana asidi ya betri hukaa rafu hiyo hiyo.

Rangi isimdanganye mtu. Kijani, nyekundu au bluu ni rangi tu ya kiwandani. Aina mbili zisizopatana zikikutana zinaweza kuganda kama uji na kuziba rejeta.

Wapo vijana, hasa wapenzi wa michezo ya kompyuta, wanaopoza kompyuta zao kwa maji. Mwaka 2004 kampuni ya Apple iliuza kompyuta ya Power Mac G5 iliyopozwa kwa njia hiyo. Kanuni ni ile ile, ila maji ya humo hayafiki popote karibu na kuchemka, kwa hiyo glaikoli nyingi huichosha pampu bure. Maji yaliyotoneshwa na dawa kidogo ya kutu na ya ukungu hutosha. Shaba na aluminiamu zisiwekwe katika mzunguko mmoja, moja itaila nyingine. Na asidhani maji hayo safi hayapitishi umeme; yakishazunguka kwenye vyuma, tone moja juu ya bodi laweza kuiua.

Limebaki jambo la chupa, nalo ndilo linalonitia hofu. Mchanganyiko unaobaki humiminwa kwenye chupa ya soda na kuwekwa pembeni. Ethilini glaikoli ni tamu. Mwilini hugeuka asidi inayoganda kwenye figo, na takriban mililita 100 zinaweza kumuua mtu mzima. Mtoto huhitaji kidogo sana.

Mwaka 2022 nchini Gambia watoto takriban 70 walikufa baada ya kunywa dawa za kikohozi zilizochanganyika na kemikali hii na ndugu yake, daiethilini glaikoli.

Aliyeinywa huonekana kwanza kama mlevi, na wenye haraka humwacha alale. Asiachwe. Apelekwe hospitali saa ile ile, na chupa ichukuliwe pamoja naye, kwani dawa ya kuizuia sumu hiyo ipo na hufaa zaidi kabla figo hazijaharibika.